Mbiu Moja, Masikio Mengi: Kazi za Homoni ya Rangi ya Ngozi

Mkulima wa Simbo arejeapo nyumbani jioni kutoka shambani kwake, mahali barabara ya Ilagala na Kalya inapochepuka kuelekea kusini, huvua shati ili aoge. Hapo, pasipo kukusudia, hufundisha somo zima la bayolojia. Mikono yake kuanzia kiwiko hadi vidoleni ni myeusi sana, lakini mabega yaliyofunikwa na shati ni ya maji ya kunde. Ngozi ni ile ile, damu ni ile ile, mtu ni yule yule. Ni nani basi aliyeiamuru ngozi ya mkononi izidi kuwa nyeusi, na ile ya begani akaiacha kama ilivyokuwa?

Tuondoke shambani twende ziwani. Katika maji ya kina kifupi ya Ziwa Tanganyika huishi samaki mdogo ambaye dume lake laweza kuwa la manjano leo, na baada ya siku kadhaa likawa la buluu. Kisha tuingie darasani. Katika shule nyingi za mkoa wa Kigoma, kama kwingineko nchini, yupo mwanafunzi mwenye ngozi nyeupe na nywele za rangi ya majani makavu, ilhali baba yake, mama yake na ndugu zake ni weusi.

Mkono wa mkulima, samaki wa ziwani na mwanafunzi yule ni mambo matatu yanayoonekana kuwa mbalimbali. Lakini anayetaka kuyaelewa hana budi kumjua mjumbe mmoja mdogo wa kikemikali, ambaye wanasayansi humwita alfa-melanotropini, yaani homoni inayoziamsha seli zitengenezazo rangi. Makala haya yanaeleza kazi za homoni hiyo. Tena yanaeleza kwa nini kuijua si jambo la mtihani tu, bali ni jambo linalogusa uhai wa watu.

Mbiu na wasikiao

Wahenga walisema kuwa mbiu ya mgambo ikilia ina jambo. Zamani baragumu lilipopigwa kijijini, kila mtu aliisikia sauti ile ile, lakini kila mmoja alitenda lake: mwenye mkuki alichukua mkuki, mama alikusanya watoto, mchungaji alirudisha mifugo. Sauti yenyewe haikuwa na mkuki wala fimbo. Tendo lilitoka kwa msikiaji.

Homoni hufanya kazi kwa namna hiyo. Ni kemikali inayotolewa na seli fulani ili kupeleka habari kwa seli nyingine. Seli isiyokuwa na sikio la kuisikia haitatenda neno lolote, hata kama homoni imejaa tele kandokando yake. Sikio hilo huitwa kipokezi, nacho kwa homoni hii ni protini iliyochomekwa katika utando wa seli. Homoni inapokaa juu ya kipokezi chake, kama ufunguo katika kitasa, mlolongo wa mabadiliko huanza ndani ya seli. Mwalimu akilishika jambo hili moja, kwamba maana ya ujumbe hukamilishwa na yule anayeupokea, atakuwa ameshika kiini cha somo la homoni.

Kutoka kwa kiluwiluwi hadi maabara

Historia ya homoni hii ilianza kwa viluwiluwi vya vyura. Mwaka 1916 wanasayansi wawili wa Marekani, Bennet Allen na Philip Smith, kila mmoja katika kazi yake, waliondoa tezi ya pituitari katika viluwiluwi. Pituitari ni tezi ndogo iliyo chini ya ubongo. Viluwiluwi waliofanyiwa hivyo waliendelea kuishi, lakini walipauka wakawa na rangi kama ya fedha. Katika miaka ya 1920 Mwingereza Lancelot Hogben alionyesha kwamba chura asiyekuwa na pituitari hawezi tena kuwa mweusi, hata akiwekwa mahali peusi. Ila akidungwa maji ya tezi hiyo, ngozi yake huwa nyeusi. Hogben alihamia Cape Town mwaka 1927, akaendelea na uchunguzi wake kwa kumtumia chura wa Afrika mwenye kucha, Xenopus laevis.

Ilidhihirika basi kwamba ndani ya tezi ile mlikuwa na kitu kinachoamrisha rangi. Mwaka 1955 mtaalamu wa ngozi wa Marekani, Aaron Lerner, pamoja na mwenzake, walifaulu kukitenga kikiwa safi kutoka katika pituitari za nguruwe, na miaka miwili baadaye mpangilio wake ukajulikana. Ni peptidi, yaani mnyororo mfupi wa asidi amino. Mnyororo huo una asidi amino 13 tu, katika utaratibu huu: serini, tirosini, serini, methionini, asidi glutami, histidini, fenilalanini, arginini, triptofani, glisini, lisini, prolini na valini. Nne za katikati, yaani histidini, fenilalanini, arginini na triptofani, ndizo meno ya ufunguo wenyewe. Zikiharibiwa, kitasa hakifunguki.

Ajabu nyingine ni namna mnyororo huo unavyopatikana. Seli haiutengenezi peke yake. Kwanza hutengeneza protini ndefu iitwayo proopiomelanokotini, kisha vimeng'enya huikata vipande, kama seremala akatavyo ubao mmoja akapata miguu ya kiti, egemeo na kalio. Kipande kimoja ni kotikotropini, chenye asidi amino 39, ambacho huziamrisha tezi za adrenali zilizo juu ya figo zitoe kotisoli. Kipande kingine ni beta-endofini, ambayo hupunguza maumivu. Alfa-melanotropini yenyewe hupatikana kwa kuikata kotikotropini, nayo ni zile asidi amino 13 za mwanzo. Msomaji alikumbuke jambo hili la mwisho, maana tutalirudia.

Safari ya miale ya jua

Simbo na Ujiji ziko karibu nyuzi 5 kusini mwa Ikweta. Mara mbili kwa mwaka, mapema mwezi Machi na mapema mwezi Oktoba, jua la adhuhuri hupita juu ya utosi. Pamoja na mwanga unaoonekana, jua hutuletea mionzi ya urujuanimno, ambayo macho hayaioni lakini ngozi huipata. Mionzi hiyo hupenya ndani ya seli za ngozi na kuharibu DNA, yaani maandishi ya urithi yaliyo ndani ya kiini.

Ngozi haikai kimya. Seli za tabaka la juu zina protini iitwayo p53, ambayo kazi yake ni kulinda maandishi hayo. DNA inapojeruhiwa, p53 huamka na kuwasha jeni ya proopiomelanokotini. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2007 ndio ulioeleza hatua hii kwa wazi. Proopiomelanokotini hutengenezwa, hukatwa, na alfa-melanotropini hutoka. Kwa vyura na samaki mbiu hupigwa katika pituitari. Kwa binadamu mtu mzima sehemu ya pituitari iliyohusika na kazi hiyo imebaki ndogo mno, na mbiu kwa kiasi kikubwa hupigwa ndani ya ngozi yenyewe, mahali pale pale palipoumizwa. Ndiyo maana mkono wa mkulima hubadilika na bega lililofunikwa halibadiliki.

Msikiaji wa mbiu hiyo ni melanosaiti, seli ya rangi iliyoketi chini ya tabaka la juu la ngozi. Ina kipokezi cha melanokotini cha kwanza. Kipokezi kikiguswa, ndani ya seli hutengenezwa kemikali iitwayo AMP ya mduara. Hiyo huiamsha protini nyingine, ambayo huwasha jeni za vimeng'enya vya rangi. Mkuu wa vimeng'enya hivyo ni tirosinasi. Tirosinasi huichukua asidi amino ya tirosini na kuanza kuigeuza, hatua kwa hatua, mpaka ikawa melanini nyeusi.

Kazi hiyo hufanyika ndani ya vifuko vidogo viitwavyo melanosomu. Vikishajaa rangi, husafirishwa hadi kwenye matawi ya melanosaiti na kukabidhiwa seli jirani. Melanosaiti moja huhudumia seli zipatazo 30 hadi 40. Katika kila seli jirani, melanini hujipanga juu ya kiini kama mwavuli, ikaikinga DNA na mionzi. Shughuli yote hii huchukua siku kadhaa, na kwa hiyo mtu haongezeki weusi mara tu atokapo kivulini.

Yafaa kusisitiza hapa jambo ambalo wengi hawalijui. Idadi ya melanosaiti katika ngozi ya Mwafrika na ya Mzungu inakaribiana. Tofauti imo katika wingi na ukubwa wa melanosomu, na katika aina ya melanini inayotengenezwa. Katika Ulaya watu wengi wana kipokezi cha kwanza chenye kasoro. Hawaisikii mbiu vizuri, na badala ya melanini nyeusi hutengeneza zaidi ile nyekundu na ya manjano, ndiyo sababu ya nywele nyekundu na ngozi inayoungua upesi. Katika Afrika kipokezi hicho hakitofautiani sana kati ya mtu na mtu, kwa kuwa chini ya jua kali aliyekosa sikio hilo alikosa pia mwavuli.

Dume la manjano na dume la buluu

Sasa turudi ziwani. Ziwa Tanganyika, lenye kina cha mita zipatazo 1,470, ni maarufu kwa mamia ya aina za samaki wa jamii ya sikilidi, wengi wao wasiopatikana penginepo duniani. Mmojawapo wa wakazi wa kingo na midomo ya mito huitwa Astatotilapia burtoni. Jina la pili linamkumbusha msafiri Mwingereza Richard Burton, aliyefika Ujiji mwezi Februari 1858. Samaki huyu hana sifa katika chungu kama dagaa au mgebuka, lakini katika maabara za dunia ana sifa kubwa.

Dume mwenye eneo lake hung'aa, huwa na mstari mweusi utokao jichoni kwenda tayani, na huwafukuza wenzake. Madume hayo ni ya manjano au ya buluu, na dume moja laweza kuhama kutoka rangi moja hadi nyingine. Yale ya manjano kwa kawaida ni makali zaidi. Je, rangi na ukali vina mzizi mmoja?

Mwaka 2017 Peter Dijkstra na wenzake walichapisha matokeo ya jaribio lililojibu swali hilo. Waliwapa samaki alfa-melanotropini. Madume ya rangi zote mbili yalizidi kuwa ya manjano, kwa sababu chembe za rangi hiyo zilitawanyika ndani ya seli zake. Lakini ukali uliongezeka kwa madume ya buluu peke yake. Kisha walitumia protini pinzani, iitwayo aguti, ambayo huziba vipokezi ili mbiu isisikike. Rangi haikubadilika, ila ukali ulipungua kwa wote. Homoni moja, basi, ilisikiwa na ngozi na ikasikiwa na ubongo, na kila msikiaji alijibu kwa namna yake.

Mwanafunzi atambue pia tofauti baina ya samaki na mkulima. Samaki au chura hubadilika rangi kwa kutawanya au kukusanya chembe za rangi ambazo tayari anazo ndani ya seli. Chembe zikisambaa, seli nzima huonekana imejaa rangi. Zikikusanyika katikati, hupauka. Kazi hiyo huchukua dakika au saa chache. Mkulima hana njia hiyo. Ngozi yake hutengeneza rangi mpya, na hilo huhitaji siku. Mbiu ni moja, lakini kazi si moja.

Masikio mengine ya mwili

Wanasayansi walipoanza kuzitambua jeni za vipokezi hivi mwaka 1992, iligunduliwa kuwa viko vitano. Cha kwanza tumekwisha kukieleza. Cha pili kimo katika tezi za adrenali, nacho huisikia kotikotropini tu. Cha tatu na cha nne vimo hasa katika ubongo, na cha tano katika tezi mbalimbali, zikiwemo za mafuta ya ngozi.

Kipokezi cha nne ndicho mlinzi wa shibe. Mtu akisha kula na akiba ya mafuta ya mwili ikitosha, homoni iitwayo leptini huziarifu neva za haipothalamasi, iliyo chini ya ubongo, nazo hutoa alfa-melanotropini. Kipokezi cha nne husikia, na hamu ya chakula hupungua. Wakati wa njaa neva nyingine jirani hutoa protini pinzani ya jamii ya aguti, mbiu huzimwa, na mtu hutafuta chakula. Mwaka 1998 wataalamu wa Ujerumani walieleza habari za watoto waliozaliwa bila uwezo wa kutengeneza proopiomelanokotini. Watoto hao walikuwa na nywele nyekundu, adrenali zao hazikufanya kazi, na hawakujua kushiba, hata wakanenepa kupita kiasi tangu utotoni. Magonjwa matatu yaliyoonekana kuwa mbalimbali yalitoka katika kasoro moja, kwa kuwa ubao mmoja ulikosekana na fanicha zote zikakosekana.

Homoni hii pia hutuliza uvimbe na homa, kwa kupunguza kemikali zinazochochea moto wa mwili wakati wa maradhi. Kadhalika imezaa dawa. Afamelanotidi, ambayo ni alfa-melanotropini iliyobadilishwa kidogo ili isiharibike upesi, iliidhinishwa Ulaya mwaka 2014 na Marekani mwaka 2019 kwa ajili ya ugonjwa adimu wa kurithi unaomfanya mgonjwa apate maumivu makali akipigwa na jua.

Hapa turudie lile tulilomwomba msomaji alikumbuke. Mwaka 1855 daktari wa London, Thomas Addison, alieleza ugonjwa unaoharibu adrenali. Mgonjwa hudhoofika, hukonda, hutamani chumvi, huona kizunguzungu asimamapo, na ngozi yake huwa nyeusi zaidi, hata katika ufizi, katika mistari ya viganja na penye makovu. Kwa nini ugonjwa wa tezi iliyo juu ya figo ubadilishe rangi ya ufizi? Kwa sababu adrenali zikishindwa kutoa kotisoli, pituitari huongeza kotikotropini maradufu ili kuzihimiza. Na kotikotropini, tulivyoona, imebeba ndani yake asidi amino 13 za melanotropini. Melanosaiti husikia kelele ambayo haikukusudiwa kwao, nazo huanza kazi. Kifua kikuu ni mojawapo ya visababishi vya ugonjwa huo, na kwa hiyo dalili hizi zisipuuzwe kwetu. Mgonjwa hupona hatari akipewa homoni aliyoikosa.

Mbiu ikisikika na kiwanda kikikosa

Tumfikie sasa yule mwanafunzi mwenye ualbino. Je, ngozi yake haina melanosaiti? Inazo, tena idadi ile ile kama ya jirani yake wa dawati. Je, homoni haipo? Ipo. Je, kipokezi ni kiziwi? La. Mbiu hupigwa na husikika. Kilichokosekana kimo ndani ya kiwanda chenyewe.

Aina ya ualbino iliyo nyingi katika Afrika Mashariki ni ya pili, itokanayo na jeni iitwayo OCA2 iliyo katika kromosomu ya 15. Jeni hiyo hutoa protini inayorekebisha hali ya ndani ya melanosomu, hasa kiwango cha uasidi. Bila hiyo tirosinasi haifanyi kazi ipasavyo. Katika miaka ya 1990 iligunduliwa kuwa kwa Watanzania wengi wenye ualbino huo, kasoro yenyewe ni moja: kipande cha herufi zipatazo 2,700 za DNA kimetoweka katika jeni hiyo. Herufi za DNA ya binadamu ni zaidi ya bilioni 3.

Ili mtoto awe na ualbino sharti apokee nakala yenye pengo kutoka kwa baba na nyingine kutoka kwa mama. Mzazi mwenye nakala moja nzima na moja yenye pengo ana rangi ya kawaida, wala hajui kuwa anabeba kitu. Wawili wa namna hiyo wakioana, katika kila mimba uwezekano wa kupata mtoto mwenye ualbino ni mmoja kati ya minne. Hakuna laana, hakuna mzimu, wala mama hakuzini. Wanawake wangapi wamefukuzwa katika ndoa zao kwa kutojua hesabu hii ya robo!

Na wako waliopoteza zaidi ya ndoa. Hasa tangu mwaka 2007, Tanzania ilishuhudia mauaji na ukataji wa viungo vya watu wenye ualbino, kwa uongo kwamba viungo hivyo huleta utajiri. Katika mkoa huu wa Kigoma, shule ya Kabanga wilayani Kasulu ilikuwa mojawapo ya mahali walipokimbilia watoto wakitafuta usalama, mbali na mama zao. Sayansi ina neno la kusema juu ya uongo huo. Ukipima mfupa, damu au nywele za mtu mwenye ualbino, hutaona kitu chochote cha ziada ambacho wengine hawana. Tofauti yote ni pengo katika jeni moja na uhaba wa rangi. Nani ameweza kujitajirisha kwa pengo?

Adui wa kweli wa watu hawa, nje ya binadamu wenzao, ni jua. Kwa kuwa mwavuli wa melanini haupo, DNA ya ngozi yao hujeruhiwa kila siku. Uchunguzi uliofanywa Dar es Salaam na kuchapishwa mwaka 1985 ulionyesha jinsi madhara yanavyoanza utotoni na kuishia katika saratani ya ngozi kwa vijana. Kumwongezea mtu huyu homoni si tiba ya pengo hilo. Kuendelea kuwahimiza wafanyakazi hakufai kitu ikiwa mashine ni mbovu. Kwa hiyo mwavuli sharti utoke nje: kofia yenye ukingo mpana, mikono mirefu, sketi ndefu au suruali, kivuli kuanzia saa 4 asubuhi hadi saa 10 jioni, na mafuta ya kukinga jua, ambayo katika miaka ya 2010 yalianza kutengenezwa Moshi katika kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi cha KCMC. Kidonda kisichopona kwa mwezi mmoja kionyeshwe hospitali. Saratani ya ngozi ikiwahiwa huondolewa kwa upasuaji mdogo.

Melanini huhitajika pia katika kuumbika kwa jicho. Ikikosekana, sehemu ya retina yenye uoni mkali haikui kikamilifu, na miwani haiwezi kurekebisha yote. Mwanafunzi anayeinamia daftari hata pua ikaligusa si mvivu wala si mzito. Akiketishwa mbele, mbali na mwako wa dirisha, na akipewa maandishi makubwa, atasoma kama wenzake.

Yuko pia kijana mwenye mwavuli kamili ambaye anautoboa kwa mikono yake. Mkorogo wa kujichubua huwa na haidrokwinoni, inayozuia tirosinasi, au zebaki, inayodhuru figo, au dawa kali za jamii ya kotisoli. Dawa hizo za mwisho hupenya ngozi zikaingia mwilini, pituitari ikadanganyika kuwa kotisoli imetosha, na ikaacha kupiga mbiu. Adrenali nazo husinzia. Anayetafuta weupe wa uso aweza hivyo kujiletea udhaifu wa mwili mzima.

Mkulima wa Simbo hakusoma habari za p53 wala tirosinasi, lakini mkono wake umeandika barua yote: jua lilijeruhi, ngozi ikapiga mbiu, seli zikasikia, mwavuli ukafunguliwa. Jirani yake ambaye mwavuli huo haukufunguka amesikia mbiu ile ile. Anachohitaji ni kofia, kivuli, na majirani waliosoma.

Kazi za darasani

1. Chukua samaki wadogo wanne wa aina moja. Weka wawili katika beseni jeupe na wawili katika beseni jeusi, maji yakiwa sawa, kwa muda wa saa mbili. Linganisha rangi zao, kisha wabadilishane mabeseni. Je, mabadiliko uliyoyaona yametokana na kutengenezwa kwa rangi mpya au kusambaa kwa rangi iliyokuwepo? Toa sababu. Samaki warudishwe majini wakiwa hai.

2. Katika Tanzania hukadiriwa kuwa mtu mmoja kati ya 1,400 ana ualbino. Kwa kutumia kanuni ya Hardy na Weinberg, onyesha kuwa takriban mtu mmoja kati ya 19 anabeba nakala moja yenye pengo bila kujua. Katika darasa la wanafunzi 57, ungetarajia wabebaji wangapi?

3. Jadilini: ni ratiba zipi za shule yenu, kama vile gwaride, michezo na kazi za shamba, ambazo zingeweza kuhamishiwa asubuhi na mapema au kivulini? Kanuni za sare zinaruhusu kofia na mikono mirefu?

Mwalimu asimsimamishe mwanafunzi mwenye ualbino mbele ya wenzake kuwa kielelezo cha somo hili. Kielelezo kinachofaa kila mtu anacho: akunje mkono wa shati lake, atazame.